Kabla ya Diani, pima presha Umoja: hesabu ya mpiga mbizi wa Eastlands

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 988,808 Embakasi, 626,482 Njiru, 268,276 Kamukunji na 189,536 Makadara. Ukizijumlisha kaunti ndogo hizo nne za Eastlands, kuanzia Majengo na Kaloleni hadi Umoja, Kayole na Pipeline, unapata watu 2,073,102. Tuseme nusu yao tu ni watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015, uliowapima Wakenya wa miaka 18 hadi 69, ulikuta asilimia 23.8 wana presha ya 140/90 au zaidi, au tayari wanatumia dawa za presha. Kwa kipimo hicho Eastlands ina watu kama 247,000 wenye presha. Utafiti huohuo ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye presha, 8 hivi tu ndio walikuwa wakitumia dawa, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawajawahi kufungwa kile kitambaa cha mkononi hata mara moja. Basi waliobaki bila dawa ni kama 227,000. Haya ni makadirio, na mengi huenda yamebadilika tangu 2015, lakini hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, bado ni watu wa kujaza uwanja wa Kasarani, wakabaki wengine wengi nje.

Baadhi ya watu hao wanapanga safari ya Pwani. Chama kinachanga tangu Januari, Desemba ikifika watu wanapanda treni ya SGR, na siku hizi kwenye orodha ya mambo ya kufanya Diani au Watamu, kando ya ngamia na mashua, kuna kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Ninalifurahia hilo kwa moyo wote. Bahari hii ni yetu, na hifadhi za Malindi na Watamu zimekuwapo tangu 1968; hakuna sababu kijana wa Buruburu aione chini yake kwenye simu tu. Na presha peke yake haimfungii mtu mlango. Kinachomponza ni mpangilio wa matumizi: fedha karibu zote zinakwenda kwenye safari, na swali la presha anakutana nalo kwenye kaunta ya ufukweni, akiwa ameshalipa.

Swali hilo liko kwenye fomu ya afya ambayo vituo vya mbizi duniani hutumia, iliyoandikwa upya mwaka 2020. Ina maswali 10 makuu. Swali la pili linauliza kama umepita miaka 45. Ukijibu ndiyo, unapelekwa kwenye kisanduku kinachouliza kuhusu sigara, kolesteroli, presha, na ndugu wa karibu waliokufa ghafla au kwa moyo au kiharusi kabla ya miaka 50. Swali la kumi linauliza kama unatumia dawa zozote ulizoandikiwa na daktari, ukiacha za kupanga uzazi na nyingi za malaria. Anayemeza kidonge cha presha, hata akiwa na miaka 28, anajibu ndiyo hapo, na ndiyo hiyo inadai sahihi ya daktari kabla hajaingia majini. Mbizi ya majaribio, ile ya nusu siku isiyozidi mita 12, nayo ina fomu.

Sasa mweke mtu huyo Diani, asubuhi ya Jumamosi, mashua ikiwa tayari na wenzake wakimsubiri. Daktari wake yuko Nairobi. Fedha hazirudishwi kirahisi. Kalamu inateremka kwenye "hapana" kumi mfululizo. Fomu hiyo ingejazwa Umoja wiki nane mapema, gharama yake ingekuwa nauli ya matatu na ada ya kumwona daktari.

Kabla ya kufika kwenye shilingi, kuna jambo linalowatisha watu bure na lingine ambalo hawalijui kabisa.

Linalotisha bure ni kina. Juu ya bahari tunabeba anga moja, sawa na milimita 760 za zebaki. Kila mita 10 za maji huongeza anga nyingine. Kwenye mita 18, kikomo cha mwenye cheti cha kwanza, shinikizo ni anga 2.8, yaani milimita 2,128. Mtu aliyeambiwa kliniki kwamba 150/95 ni hatari akisikia 2,128 anaona kifo. Lakini kipimo cha presha huonyesha tofauti kati ya damu na mazingira yake. Bahari inaubana mwili wote kwa usawa, ndani na nje, na hewa ya mtungi inakuja kwa shinikizo lilelile la kina ulichopo. Kwa hiyo kina chenyewe hakikuongezei 2,128 kwenye mishipa.

Wasilolijua watu ni maji yenyewe, hata ya mita moja na nusu. Ukisimama nchi kavu, sehemu kubwa ya damu hukaa miguuni na tumboni. Ukizama hadi shingoni, maji yanaisukuma damu hiyo juu, na karibu mililita 700 huhamia kifuani. Moyo unajaa zaidi na kusukuma zaidi kwa kila pigo. Figo nazo zinaanza kumwaga maji, ndiyo sababu mpiga mbizi hubanwa na mkojo dakika chache baada ya kuzama. Kwa moyo mzima hayo yote ni kazi ya kawaida. Kwa moyo ambao kwa miaka kumi umesukuma dhidi ya presha isiyotibiwa, ukuta wake umekuwa mnene na haulegei upesi kupokea damu ya ziada. Shinikizo linarudi nyuma kwenye mapafu, na majimaji yanavuja kutoka kwenye mishipa midogo hadi kwenye vifuko vya hewa.

Mwaka 1989 daktari wa moyo wa Uingereza, Peter Wilmshurst, na wenzake walieleza kisa hicho kwa wapiga mbizi 11 waliojaa maji mapafuni bila kumeza hata tone la bahari. Tangu hapo presha imekuwa miongoni mwa sababu zinazotajwa kwanza kila hali hiyo inapochunguzwa. Baridi huichochea, na maji ya Pwani yetu ni ya nyuzi 25 hadi 29 au zaidi kidogo, hivyo tuna nafuu, ila nafuu hiyo si kinga. Dalili zake si ngumu kuzijua: pumzi inakuwa fupi kuliko kazi unayofanya, kikohozi kinakuja ukiwa chini, pengine makohozi yenye povu la rangi ya waridi, na kifua kinakoroma. Mbizi inaishia hapo. Unapanda taratibu na mwenzako, unatoka majini, unakaa wima badala ya kulala chali, unapewa oksijeni, unapelekwa hospitali. Aliyepatwa mara moja anaweza kupatwa tena, kwa hiyo hatakiwi kurudi majini keshoye eti amepata nafuu.

Uzito wa moyo katika ajali za mbizi unajulikana kwa tarakimu. Shirika la Divers Alert Network, ambalo wapiga mbizi huliita DAN, lilichambua vifo 947 vilivyotokea kati ya 1992 na 2003. Pale ambapo kilichomwangusha mtu kilijulikana, asilimia 33 walikosa hewa, asilimia 29 walipata mapovu ya hewa kwenye mishipa kwa kupanda vibaya, na asilimia 26 walipata tukio la moyo. Kundi la moyo lilikuwa zaidi la watu waliopita miaka 40 na wenye ugonjwa wa moyo au mishipa. Wachambuzi walipotafuta kilichoanzisha mlolongo wa matukio, kilichoongoza kilikuwa kupungukiwa hewa, asilimia 41.

Hewa na moyo vinakutana mahali pamoja. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una kama lita 2,400 za hewa. Ukiacha akiba ya baa 50, unatumia 1,800. Mtu mtulivu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye mita 18 anavuta mara 2.8 ya hizo, yaani lita 56, na mtungi unampa dakika 32. Mtu aliyeingiwa hofu, asiye na mazoezi, anayepigana na mkondo, huvuta lita 40 kwa urahisi. Kwake ni lita 112 kwa dakika, na muda wake unashuka hadi dakika 16. Katika dakika hizo 16 presha yake huenda ikawa juu kuliko kipimo chochote kilichowahi kuandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, na damu ya ziada iko kifuani.

Wakenya tuliona ukali wa hesabu hii mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni tarehe 29 Septemba likiwa na mama na mtoto wake. Lilipatikana kwenye mita 58 na kutolewa baada ya siku 13. Watu wengi waliuliza mbona wapiga mbizi wanachelewa. Mita 58 ni anga 6.8. Mtungi uleule wa lita 2,400, kwa mtu anayevuta lita 20 juu ya maji, unakauka kabisa kwa chini ya dakika 18, kabla ya kufikiria safari ya kupanda polepole. Wanaopiga mbizi kwa starehe hawafiki huko. Mwisho wao ni mita 40. Wanajeshi na wataalamu waliofanya kazi ile walistahili subira yetu.

Sasa shilingi.

Kupima presha ndicho kitu cha bei ya chini kuliko vyote. Mwezi Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye vifaa, kikiwemo kipimo cha presha, na mhudumu wa mtaa wako anapaswa kuwa nacho. Vituo vya afya vya kaunti hupima. Kwenye kemisti nyingi za mtaani utalipa kama Sh50 au hutalipa kitu. Taabu ni namna ya kupima. Mtazame mteja wa jioni: ameshuka matatu akikimbia, ameingia, ananyosha mkono wenye sweta juu ya kaunta ya kioo iliyo juu ya usawa wa kifua chake, anaendelea kupiga simu, na mashine inanguruma. Namba inayotoka haina maana kubwa. Inatakiwa akae kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapandana, mkono mtupu umelazwa usawa wa moyo, mdomo umefungwa, kisha apimwe mara mbili. Mwenye mkono mnene akifungwa kitambaa kidogo, presha inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ningependa kila anayekwenda Diani aandike vipimo vya asubuhi na jioni kwa wiki moja, nyumbani, kwa mashine yake. Mashine nzuri ya mkono wa juu nimeiwekea Sh4,000 katika bajeti hii, na familia nzima ya ploti inaweza kuitumia.

Dawa ndiyo matumizi ya kila siku. Bei hutofautiana kemisti hadi kemisti na kampuni hadi kampuni, kwa hiyo tufanye hesabu kwa vidonge viwili visivyo vya jina kubwa, Sh10 kila kimoja: Sh20 kwa siku, Sh7,300 kwa mwaka. Ada ya chini ya bima ya SHA, kwa asiye na mshahara rasmi, ni Sh300 kwa mwezi, Sh3,600 kwa mwaka. Kumwona daktari anayejua mambo ya mbizi au aliye tayari kuisoma fomu na mwongozo wake, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, mkojo na damu ya kuangalia figo, tenga Sh10,000. Ukienda hospitali ya umma kama Mama Lucy Kibaki huenda ikabaki chenji. Jumla ya upande wa afya: Sh24,900.

Upande wa bahari, kozi ya cheti cha kwanza hutozwa kwa dola na nimeiweka Sh60,000. Treni daraja la kawaida imekuwa Sh1,500 tangu Januari 2024, kwenda na kurudi Sh3,000. Feri ya Likoni kwa mguu ni bure. Malazi na chakula cha siku tano kwa Sh3,000 kwa siku, Sh15,000. Jumla Sh78,000.

Zote pamoja ni Sh102,900. Kwa mchango wa wiki, kwa mwaka mmoja na nusu, ni kama Sh1,320 kwa wiki. Afya imechukua robo ya fedha hizo. Kozi peke yake ingekununulia vidonge viwili kila siku kwa zaidi ya miaka minane. Anayesema hana uwezo wa kununua dawa huku ana tiketi ya Diani amekosea kupanga, na kosa hilo linarekebishika.

Kuna bei nyingine upande wa pili, na hiyo haihitaji bahari. Presha isiyotibiwa huua figo. Katika viwango vya SHA vya mwaka 2024, kusafisha damu mara moja ni Sh10,650. Mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima ni Sh1,107,600. Fedha hizo, kwa Sh7,300 kwa mwaka, ni dawa za miaka 151. Na aliye kwenye mashine hiyo haendi kupiga mbizi tena.

Je, ni dawa gani zinazokubaliana na maji? Zinatofautiana, na hapa ndipo daktari analipwa kwa haki. Zile za kupunguza kasi ya moyo, kama atenolol na propranolol, huuzuia moyo kuongeza kasi pale unapohitaji nguvu ya ghafla, na kwa mwenye pumu hubana kifua. Dawa za kukojoza, kama hydrochlorothiazide, zinaongeza upotevu wa maji ambao kuzama tayari kumeuanzisha, kwenye jua la Pwani. Amlodipine huwavimbisha wengine miguu na kuwapa kizunguzungu wakisimama haraka, jambo linalofaa kujulikana kabla hujapanda ngazi ya mashua na vyombo vya zaidi ya kilo 20 mgongoni. Enalapril huwakohoza wengine, na kikohozi chini ya maji kinaweza kufananishwa na mapafu yaliyojaa. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipine, pamoja na perindopril au pamoja na dawa ya kukojoza, hushusha presha ya Waafrika weusi vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Kwa hiyo mpiga mbizi ana njia ya kukwepa dawa ya kukojoza bila kupoteza nguvu ya tiba. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwambie daktari, kwani perindopril na enalapril hazifai kwa mimba. Asiwepo wa kujibadilishia dawa mwenyewe wala kuruka kidonge cha asubuhi ya mbizi ili asikojoe.

Msimamo wa DAN ni kwamba presha ikiwa imedhibitiwa kwa dawa, bila madhara kwenye moyo, figo au macho, kinachobaki kuangaliwa sana ni madhara ya dawa yenyewe. Ningeongeza muda: miezi mitatu kwenye dawa ileile, namba zikiwa zimetulia, ndipo ulipe kozi. Ningeongeza na ngazi. Mkazi wa Pipeline anayeishi ghorofa ya saba bila lifti ana kipimo cha moyo mlangoni kwake kila siku. Kama anasimama ghorofa ya tatu kushika ukuta na kuvuta pumzi, bado hajawa tayari. Kozi yenyewe inadai uogelee mita 200 bila kusimama na uelee dakika 10. Katika bwawa la mita 50 la Kasarani, hiyo ni kwenda na kurudi mara mbili. Anayeanza mazoezi hayo pamoja na dawa, akapunguza chumvi hadi chini ya gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kikijumuisha ile iliyojificha kwenye smokie, mkate na mchuzi wa pakiti, mara nyingi ataona namba zikishuka kwenye daftari lake.

Chagua msimu pia. Kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari hutulia na kuonekana vizuri. Kusi huleta mawimbi na kazi ya ziada kwa moyo. Mwambie mwalimu ukweli, omba eneo lisilo na mkondo, na uliza mtungi wa oksijeni uko wapi kwenye mashua kabla haijang'oa nanga.

Kuna hesabu ya mwisho, na inamhusu mtu wa Nairobi kuliko mtalii anayelala Diani wiki mbili. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulio Embakasi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Miongozo ya kupanda juu baada ya mbizi inahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hadi 2,400, na Voi tayari ni karibu mita 600. Maana yake treni na basi la kurudi nyumbani ni kama ndege: naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu huku ukinunua mayai Mtito Andei. Baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, subiri angalau saa 12. Baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa, kama zilivyo za kozi, subiri angalau saa 18. Aliyetoka majini Jumapili saa tano asubuhi, treni ya saa tisa alasiri inamkuta na saa 4 tu, na ya saa nne usiku inamkuta na saa 11. Saa 18 zake zinatimia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Usiku huo wa ziada ni Sh3,000 nyingine, na jumla inakuwa Sh105,900. Abebe vidonge vya siku mbili zaidi, na tiketi akate ya Jumatatu saa tisa.